Mahubiri ya Kumzika Mtu Aliye Hai

Kati ya meza ya kusomea ya fundi friji na kiti cha kusukia cha mkewe kulikuwa na pazia tu. Lilikuwa shuka kuukuu lililopitishwa kwenye waya. Macho liliyazuia, masikio halikuyazuia hata kidogo. Upande wa mbele, penye mlango wa barabarani, mke alisuka watu nywele: kioo kikubwa chenye ufa pembeni, viti viwili, drayaa moja iliyopiga kelele kuliko ilivyokausha, na vicheko kuanzia asubuhi. Upande wa nyuma, jioni, akisharudi kutoka karakana na mikono bado inanuka gesi ya friji, fundi alisomea uchungaji.

Alisoma kwa masafa. Chuo chenyewe, cha theolojia, cha Kibaptisti, kilikuwa mbali kiasi kwamba hakuwahi kukiona ila picha ya lango lake kwenye jalada la vitabu. Vitabu vilikuja kwa posta, mihadhara ilikuja kwenye simu, mazoezi aliyatuma, na majibu yalirudi kwa sauti ya mkufunzi mmoja mwenye kikohozi ambaye fundi alimheshimu kuliko baba yake mzazi. Hapo mtaani msimamizi wake alikuwa mchungaji wa kanisa lao, kazi yake kuthibitisha kwamba mahubiri ambayo mwanafunzi alidai kuyahubiri aliyahubiri kweli. Wateja wa mkewe walimwita Mchungaji wa Pazia. Alijifanya kukasirika, lakini ukimwita hivyo mara mbili alitoka mwenyewe kuja kukusalimia.

Hakuwa mtu mbaya. Nalisema hili mapema kwa sababu mbele kidogo utataka kumzaba kofi.

Mambo yalianzia kwenye somo la mahubiri ya ibada maalumu. Mwongozo ulieleza bila kuficha: mwanafunzi aandae mahubiri ya mazishi ya muumini halisi wa kanisa lake, kwanza akae na wafiwa, awaulize, awasikilize, ndipo ashike kalamu. Sasa kanisa la fundi lilikuwa dogo, na waumini wake, Mungu awabariki, walikuwa wamegoma kufa. Hata yule bibi wa kiti cha mbele aliyekuwa akituaga kila mwaka bado aliimba sauti ya kwanza. Muda ulikuwa unayoyoma. Ndipo fundi akapata wazo ambalo ni mtu anayejisomesha mwenyewe mezani kwake tu angeweza kulipata: atamzika mkewe. Kwenye karatasi, bila shaka. Ukimchukua mtu unayelala naye kitanda kimoja, alijiambia, huna haja ya kwenda kuhoji wafiwa, kwa kuwa mfiwa ni wewe. Akaketi, akajihoji, akaridhika na majibu.

Kisha akasimama nyuma ya pazia na kuyahubiri kwa sauti, maana mwongozo ulitaka hivyo. Mkewe wakati huo alikuwa anamsuka muuza mitumba wa jirani.

"Ndugu wapendwa," sauti ilipita, nzito, ya kanisani, "tumekusanyika leo kwa machozi kumuaga dada yetu mpendwa, mke wangu wa ujana, mama wa binti yangu…"

Muuza mitumba aliruka kwenye kiti, nusura nywele zimng'oke. "Shemeji! Unamuua mwenzio na kichwa changu bado hajakimaliza?"

Mke alicheka mpaka akashika ukuta. "Mwache, mwache! Endelea, Mheshimiwa. Na sisi tunataka kusikia nimekufa na nini."

Fundi alichungulia, uso umemshuka, akaeleza habari za zoezi. Binti yao wa miaka kumi na minne, aliyekuwa ameketi sakafuni anachambua rasta, alijiziba uso kwa aibu ya kuwa na baba wa namna hiyo. Lakini wanawake walimsihi aendelee, na mhubiri akiombwa kuendelea huwa hakatai. Akaendelea. Alisema marehemu alikuwa mpole na mnyenyekevu. Alisema alikuwa msaidizi wa kufaa, taa ya nyumba, mama wa mfano, mtu asiyejua kunung'unika. Hapo muuza mitumba alikohoa kidogo. Alisema, na sauti ikatetemeka mahali hasa inapotakiwa kutetemeka, kwamba siku ya ubatizo wake dada huyu alishuka majini kwa furaha, uso ukimeremeta, asiye na hofu yoyote.

Mikono ya mke ilisimama. Ilibaki kichwani kwa mteja, imeshika nywele katikati ya msuko, kwa kitambo. Halafu ikaanza tena kusuka. Hakucheka tena jioni ile.

Mteja alipoondoka alifagia nywele polepole, akazikusanya kwenye karatasi, ndipo akaja kusimama mbele ya meza ya mumewe.

"Fundi," alisema. Alimwita hivyo tangu siku walipojuana, yeye akiwa ameleta drayaa iliyoungua na fundi akiwa hajui lolote juu ya drayaa. "Huyu uliyemzika ni nani?"

"Si wewe jamani?"

"Mimi simjui. Mimi mpole? Nenda kamuulize mwenye nyumba kama mimi ni mpole. Sinung'uniki? Leo asubuhi tu nimenung'unika mpaka chai ikapoa. Huyo mwanamke wako ni wa kila mtu, ukibadilisha jina unamzika hata jirani."

"Ni zoezi tu, mke wangu. Msibani watu husema mazuri."

"Sijakataa mazuri. Nataka yawe yangu." Alitaka kusema jingine, ikaonekana wazi kabisa kwamba alitaka, lakini macho ya mumewe yalikuwa yameshaanza kurudi kwenye karatasi. "Andika upya," alisema. "Niulize, nikueleze, halafu uandike upya."

"Ijumaa natakiwa kuyatuma."

"Ya Ijumaa ni yako na chuo. Mimi naomba ya kwangu. Sina haraka."

Akaahidi. Kuahidi hakumpi mtu taabu. Ijumaa akatuma yale yale, na baada ya wiki mbili mkufunzi akarudisha sauti: akakohoa, akasema amewafundisha wengi lakini mara chache ameguswa hivi. Marehemu, alisema, ameonekana wazi mbele ya macho yetu. Fundi alifurahi hadi akafanya jambo ambalo mimi nikilikumbuka bado nashika kichwa. Aliichukua simu akaenda kumsikilizisha mkewe.

Mke alisikiliza mpaka mwisho, kitana mkononi. "Hongera," alisema, na kwa kuwa alikuwa anampenda, alisema kwa moyo wote. Kisha akamgeukia mteja.

Tangu hapo ikawa utani wa nyumba. Kila baada ya muda mke alipaza sauti kutoka mbele: "Mheshimiwa, nimefufuka au bado niko kaburini?" Na fundi alijibu kutoka nyuma: baada ya mtihani wa Agano la Kale. Baada ya Historia ya Kanisa. Baada ya Kigiriki, na Kigiriki, kama unavyojua, hakiishi. Hakuwa anamdanganya. Kila mara aliamini kabisa kwamba somo likiisha ataketi na mkewe, amuulize, amsikilize. Alikuwa na daftari jipya alilolitenga kwa kazi hiyo, na somo lilipoanza akalitumia kwa vitenzi vya Kigiriki.

Halafu mke akaanza kuchoka. Alisuka ameketi, yeye ambaye alizoea kusimama kutwa nzima. Macho yakaingia unjano. Wateja waliona kabla ya mumewe. Muuza mitumba ndiye aliyemshika mkono kwa nguvu akampeleka hospitali, na daktari alipomaliza kumpapasa tumbo akauliza mume yuko wapi. Ulikuwa ugonjwa wa ini, na walikuwa wamechelewa. Daktari aliyasema hayo kwa upole, akayarudia, kwa sababu fundi alikuwa anaitikia kwa kichwa kama mtu anayesikiliza mhadhara mzuri huku haelewi hata neno.

Nisingependa kumsema vibaya kwa wiki zile. Alifunga karakana. Alimwogesha mkewe, alimlisha uji kijiko kwa kijiko, aliwapigia wauguzi kelele mpaka wakamjua. Na ndani yake kulikuwa na jambo moja tu lililomtafuna usiku na mchana: mke asiende kabla yeye hajaandika yale ya kwake. Hilo tu. Hakuthubutu kuomba uponyaji, maana alishasoma uso wa daktari. Aliomba apewe muda wa kuuliza.

Mchana mmoja shemeji yake, dada mkubwa wa mgonjwa, alitoka kwenda kutafuta maji ya kunywa. Wodi ilikuwa imetulia kidogo. Fundi alivuta kiti, akatoa simu, akafungua ukurasa wa maswali ya mwongozo, kwa kuwa hakujua njia nyingine.

"Ni jambo gani," alisoma, "unalojivunia zaidi katika maisha yako?"

Mke alimtazama kwa muda. "Unanihoji, Fundi?"

"Nataka kuandika upya. Niliahidi."

Alicheka, na kicheko kikamuuma, akashika ubavu. "Ungeniuliza nilipokuwa na pumzi," alisema.

Fundi aliinamisha kichwa. Machozi yalimdondokea kwenye kioo cha simu, akayafuta kwa kidole gumba, na maswali yote yakapanda juu mpaka mwisho wa ukurasa.

"Weka hiyo simu chini," mke alisema. "Sogea. Unakumbuka uliandika kwamba nilishuka majini kwa furaha?"

"Nakumbuka."

"Nilikuwa na mdogo wangu wa kiume. Unajua kwamba alikufa. Hujui alikufaje. Alikufa maji. Kulikuwa na bwawa nyuma ya nyumba yetu, niliambiwa nimwangalie. Mimi nilikuwa nimeketi ukingoni nasuka majani. Nilikuwa nasuka kila kitu toka mdogo. Nikainua kichwa nimwonyeshe, hayupo." Alipumzika. "Toka siku ile, maji yakinipita magoti naona giza."

"Lakini ubatizo… mimi nilikuwepo. Nilisimama pale pale kwenye ngazi. Nilikuona unatabasamu."

"Nilikuwa nimeuma meno."

Fundi alilikumbuka birika la kubatizia nyuma ya kanisa, maji ya kifuani, kanzu nyeupe zinaelea. Alijikumbuka akipiga makofi kuliko wote.

"Muulize mchungaji mkono wake ulikuwaje wiki nzima," mke alisema. "Nilimfinya mpaka ngozi ikatoka. Aliponizamisha nilijua sitoki. Nilijua kabisa. Na nilishuka hivyo hivyo, hakuna aliyenisukuma, nilishuka kwa sababu niliamini. Usiandike kwamba nilifurahi. Andika kwamba niliogopa na nikashuka."

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza. "Miaka yote hii. Kwa nini?"

Mke alifumba macho. Mkono wake ulimtafuta wa mumewe juu ya shuka, ukaupata. "Nimechoka sasa," alisema. "Yapo mengine mengi. Njoo kesho."

Kesho yake fundi alifika mapema na mkono mtupu, bila simu, bila mwongozo. Mkewe hakumtambua. Alikaa hivyo siku kadhaa, pumzi inaingia na kutoka, na mumewe akiwa kitini haulizi neno, anasikiliza tu, kama alivyotakiwa kufanya tangu mwanzo. Alifariki mchana, wauguzi wakiwa wanabadilisha zamu. Fundi alilia kwa sauti mbele ya wodi nzima na hakumwonea mtu haya.

Siku ya kupanga mazishi mchungaji alikuja nyumbani, akaketi kwenye kile kiti cha wateja, kioo kikiwa kimefunikwa kwa khanga. Alikuwa mtu mwema, mwenye moyo wa kusaidia haraka kabla hajaombwa.

"Usijitese, ndugu yangu," alisema. "Mahubiri yapo. Yale yale yaliyosifiwa na chuo, nakala ninayo mimi, niliitia sahihi. Nitayasoma kwa niaba yako. Ni heshima kubwa kwake, na hakuna atakayesema vizuri zaidi."

Na fundi, usishangae, alitamani kukubali. Alikuwa hajalala. Maneno yale yalikuwa yamepangwa vizuri, yalikuwa na mwanzo na mwisho, yangemfikisha hadi makaburini bila kuanguka. Angekaa kiti cha mbele, ainamishe kichwa, na watu wangesema kwa kweli mwanamke huyu alipendwa.

"Mchungaji," alisema, "siku ulipombatiza, mkono wako ulikuwa na nini?"

Mchungaji alishtuka. Bila kujijua aliugusa mkono wake wa kushoto juu ya kiwiko. "Alikuambia?"

"Mbona wewe hukuniambia?"

"Nilidhani unajua. Wewe ni mumewe."

Fundi alisema basi, atasimama mwenyewe.

Kanisa lilijaa hadi nje. Nusu ya wanawake waliokuwa mle ndani walikuwa na misuko iliyotoka mikononi mwa marehemu. Fundi alisimama bila karatasi. Zile sehemu za mahubiri alizofundishwa, utangulizi wa kuvuta masikio, hoja tatu, hitimisho, zote zilimponyoka, na sauti iliyomtoka haikuwa ile ya nyuma ya pazia. Ilikuwa ya fundi friji anayemwambia mteja kwamba chombo hakitapona.

"Mke wangu hakuwa mpole," alianza, na kutoka nyuma mtu mmoja aliguna kwa kicheko kilichochanganyika na kilio. "Alikuwa akiogopa maji. Aliogopa maji kuliko kitu chochote, kwa sababu yalimchukulia mdogo wake. Na alishuka mle nyuma, kwenye birika lile, akaruhusu azamishwe mpaka kichwa, kwa sababu alimwamini Yesu. Mimi nilikuwa napiga makofi. Sikujua nampigia makofi mtu wa namna gani." Watu walimngoja aendelee. "Yako mengine mengi. Aliniambia yapo. Mimi sina. Mimi nimefika mwisho wa ninayoyajua."

Akashuka, akaketi. Hayakuchukua hata muda wa wimbo mmoja. Kwaya haikuwa tayari, kukawa na ukimya mrefu wa watu kupenga kamasi, na mchungaji alipopanda kusoma sala sauti ilimkatika mara mbili.

Jioni, wageni wamepungua, fundi alimkuta binti yake upande wa mbele wa nyumba ameketi peke yake kwenye kile kiti cha mama yake, anafumua msuko wake mwenyewe. Alikuwa amesukwa na mama, mara ya mwisho kabla ya hospitali, na nywele zilishaota, msuko umelegea. Alikuwa anafumua taratibu sana, uzi mmoja baada ya mwingine, akiuweka kila mmoja mapajani. Fundi aliketi kwenye kiti cha pili.

"Ulisema vizuri, baba," binti alisema.

"Nilisema kidogo." Alitaka kumsaidia kufumua, hakujua pa kuanzia. "Habari ya maji ulikuwa unaijua?"

"Ndiyo. Mama alinieleza nilipoanza darasa la ubatizo. Nilimwambia naogopa, akasema na yeye aliogopa, akanisimulia yote."

"Na wewe unaogopa?"

"Sana."

Hilo nalo hakulijua. Halafu akauliza lile ambalo mkewe alilifumbia macho wodini, kwa sababu hakubaki mwingine wa kuulizwa.

"Kwa nini mimi hakuniambia?"

Binti aliendelea kufumua. Hakukuwa na hasira usoni mwake. Alijibu kama anavyojibu mtoto aliyeulizwa kitu chepesi.

"Alitaka. Mara nyingi tu alikuwa anakuja mpaka mezani kwako. Anasimama kidogo, anakuangalia, anarudi. Siku moja nikamuuliza, mama, mbona humwambii? Akasema, 'Baba yako anasoma.'"

Fundi alijaribu kukumbuka siku hizo alikuwa anasoma nini. Alijaribu kwa muda mrefu, binti akiwa kando yake anaziachia nywele, na hakukumbuka.